Mkubwa akisema "nawajibika" mbele ya watu halafu basi, hapo amewajibika kweli?

Mwana wa Mkomani
Salaam wanauzi. Nina swali linanikera, nataka majibu ya watu wa Amu (Lamu) na wenzetu wa Malindi pia. Mtaani kwetu ngazi za jeti, pale vyombo vinaposhusha watu, zimeharibika kitambo, saruji imemeguka, vyuma vimetoka nje, na maji yakipwa ile ngazi ya chini ina ukoga mtu anashuka roho mkononi. Mama mmoja mtu mzima akateleza na kikapu chake akavunjika nyonga. Mkubwa mmoja wa ofisi inayohusika (simtaji) akaja na watu wake, akasimama pale pale jetini akasema hili ni langu, mimi nawajibika. Watu wakapiga makofi, wengine wakamwombea dua. Tangu hapo ngazi iko vile vile, pesa za hospitali wamelipa wanawe yule mama, na mkubwa yuko kitini kwake. Nauliza bila ugomvi, huyu amewajibika au hajawajibika? Na kama hajawajibika, alitakiwa afanye nini hasa ndio tuseme naam, huyu kawajibika?

Kijana Kizingitini
Hajawajibika. Kwisha maneno.

Bi Shela
Kijana subiri, usifunge uzi haujaanza. Mimi nasema kafanya nusu, na hio nusu msiidharau. Ni wangapi mmewaona wakisimama wakasema hili ni langu? Wengi watakwambia ni kontrakta, ni mvua, ni serikali iliyopita, ni pesa haijatoka Nairobi. Mtu akisema ni langu angalau sasa unajua mlango wa kubisha. Nusu ya pili ndio imemshinda.

Mbongo wa Barani
Habari zenu, mimi ni Mtanzania niko Malindi kwa biashara. Kwetu tukisema fulani kawajibika, mara nyingi maana yake kaachia ngazi. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977, sababu kuna watu walikufa mikononi mwa polisi kule Mwanza na Shinyanga wakati wa msako wa mauaji ya vikongwe. Yeye hakumpiga mtu, hakuwepo hata huko, lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake akaona kubaki kitini ni vibaya. Hio ndio picha ya wengi wetu. Huyo mkubwa wenu angeandika barua ya kuacha kazi tungekuwa tunazungumza kingine.

Kijana Kizingitini
Mwinyi si ndio huyo huyo alikuja kuwa raisi? Sasa alipoteza nini?

Mbongo wa Barani
Ndiye, 1985. Lakini hio ni miaka minane baadaye kaka, na wakati anaacha hakuna aliyemuahidi uraisi. Wengine tunaamini watu walimwamini kwa sababu aliacha.

Fundi Mashua
Mimi ni mtu wa Matondoni, kazi yangu vyombo. Haya ya kuacha kazi siyaelewi kabisa. Chombo nimekiunda mimi, kimeshushwa majini, nahodha ananipigia simu anasema kinaingiza maji upande wa omo, mbele. Sasa mimi nimwambie nahodha nimejiuzulu ufundi? Nakwenda. Kinapandishwa pwani, napitisha kidole kwenye kila kiungo cha mbao mpaka nisikie pale pamba ilipolegea, naikongoa ile ya zamani, natia pamba mpya iliyokolea mafuta, nakalafati kwa patasi na nyundo polepole nisipasue mbao, halafu nakaa hapo mpaka kishuke tena na nishike farumi, ile mizigo ya uzito ya chini ya chombo, kwa mkono wangu nione pakavu. Na silipwi hata ndururu maana ni kazi yangu ilioharibika. Mkubwa wa jeti angeleta mifuko ya saruji na fundi. Akiacha kazi ngazi itajijenga?

Tuktuk Malindi
Fundi umemaliza. Lakini nyie watu wa Amu mna bahati mna jeti ya kulalamikia, sisi huku lami ikichimbika tunaambiwa tusubiri.

Kijana Kizingitini
Watu wa Malindi mmezoea kusubiri Mtaliano awawekee 😂

Tuktuk Malindi
Haya basi kaa na punda wako. Turudi kwa mada.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya hesabu serikalini miaka mingi, sasa niko nyumbani Malindi. Wote mnaongea mambo ya utu, ni mazuri, ila sheria nayo imesema na haina haya. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 226 kifungu cha 5: mtumishi wa umma akielekeza au kuidhinisha pesa ya umma itumike kinyume na sheria, hasara yote ni juu yake na ataifidia, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Someni tena hapo mwisho. Kwa hio bwana wa Tanzania, kwetu kuacha kazi hakukuokoi. Na dada wa Shela, kusema ni langu pia hakukuokoi. Ni kulipa.

Mwana wa Mkomani
Karani shukran sana, hio sikuijua. Lakini ngazi haikuibiwa pesa, ilikuwa tu haikutengenezwa. Inaingia hapo?

Karani Mstaafu
Hapo ndio penye utata mwanangu. Ile ibara inashika pesa iliyotumika vibaya, haishiki moja kwa moja kazi ambayo haikufanywa. Mtu anaweza kukaa miaka mitano hajagusa senti na hajafanya kitu, na vitabu vyake vikawa safi kabisa. Nimewaona.

Genzii wa Hindi
Si mkaguzi mkuu anawafunga hao? Kila mwaka tunaona ripoti kwenye habari, bilioni hazijulikani zilipo, halafu kimya. Kwani huwa hafungi mtu?

Karani Mstaafu
Mkaguzi Mkuu hafungi mtu mwanangu. Yeye anakagua na kuandika. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na katiba inampa miezi sita awe amepeleka ripoti bungeni na kwenye bunge la kaunti inayohusika. Wabunge na MCA, wale wajumbe wa bunge la kaunti, nao wana miezi mitatu waijadili na wachukue hatua. Kukamata na kushtaki ni kazi ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na mkurugenzi wa mashtaka. Sasa jiulize MCA wako mara ya mwisho alisema nini juu ya ripoti ya kaunti yako, manake ile ripoti iko wazi mtu yeyote anaisoma.

Genzii wa Hindi
MCA wangu mara ya mwisho nimemwona akigawa jezi. Lakini sawa nimeelewa. Ila sisi vijana 2024 tulitoka barabarani kuandamana tukasema tumechoka, mswada wa fedha ukarudishwa, na Julai ile raisi akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Tukafurahi tukasema sasa wamewajibishwa. Haikupita muda wengine wakarudi kwenye baraza jipya kama hakikutokea kitu. Ndio nikajifunza kufutwa kazi peke yake ni kupisha tu, mtu anapumzika anarudi.

Mbongo wa Barani
Kufutwa na kujiuzulu ni vitu viwili tofauti mdogo wangu. Mmoja kasukumwa.

Genzii wa Hindi
Sawa kaka lakini kwa mwananchi aliyepigwa risasi kwenye maandamano yale inamsaidia nini ikiwa ni hiki au ni kile?

Maalim Langoni
Assalaam alaykum. Naona mmezunguka kote mkasahau asili. Hadithi ya mchunga tunaijua sote, kila mmoja ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga, imamu kwa watu wake, mume kwa ahli zake, mke kwa nyumba ya mumewe, hata mtumishi kwa mali ya bwana wake. Hakuna aliyetolewa. Na kisa cha Sayyidna Umar tunakisikia mimbarini kila mara, kasimama kuhutubia amevaa nguo iliyozidi fungu la wengine, mtu akainuka akasema hatusikii wala hatutii mpaka utueleze hii nguo umeipataje. Umar hakumwita askari. Akamwita mwanawe aeleze kwamba amempa babake fungu lake. Yule mtu akasema sasa sema, tutasikia na tutatii. Kwa hio jawabu langu ni kuulizwa. Aliye tayari kuulizwa na akajibu, huyo ndiye.

Bi Shela
Maalim Allah akulipe. Ila na mimi nina neno, kwa adabu zote. Huyo aliyemuuliza Umar alipata wapi ujasiri? Hapa kwetu ukiinuka baada ya swala ukamuuliza mkubwa umepata wapi gari hili, wa kwanza kukukalisha chini ni wazee wa msikiti wenyewe, watasema usilete fitna. Kisa tunakihadithia kila mara, lakini yule muulizaji hatumtaki.

Maalim Langoni
Hilo ni kweli na linauma. Sina la kukujibu hapo isipokuwa kwamba si dini iliyosema hivo.

Babu Pate
Wanangu mimi kuandika kwa simu ni shida, ni mjukuu aniandikiya. Zamani mui (mji) ulikuwa na ndia moya tu ya kumtia mtu adabu. Mtu akila mali ya mayatima, hakuna wa kumpiga wala kumshitaki. Akipita barazani watu wamenyamaza. Akisalimu ataitikiwa, maana salamu ni wajibu, lakini hakuna wa kumwambia karibu keti. Kahawa ipita haimfikii. Miezi sita ya namna hiyo mtu arudisha mwenyewe, tena usiku, kwa mkono wa mtu mwengine. Mimi mato yangu yameona.

Kijana Kizingitini
Babu shikamoo. Lakini siku hizi aliyekula mali ya umma ndio anawekewa kiti cha mbele kwenye harusi, na ndio mgeni wa heshima kwenye harambee. Hio kahawa inamfikia wa kwanza.

Babu Pate
Marahaba mwanangu. Basi si yeye aliyeharibika peke yake.

Mama Sabaki
Babu naomba nitofautiane nawe kidogo, nisamehe. Ile aibu ya barazani ilimshika nani? Ilimshika muuza samaki, ilimshika mwanamke aliyesemwa vibaya. Mwenye mashamba na majahazi nani alimnyima kahawa? Nyanyangu alikufa akidai haki yake ya urithi na waliomdhulumu walikuwa ndio wenye baraza yao. Aibu inafanya kazi kwa asiye na kitu.

Babu Pate
Hilo nalo lilikuwako. Sikatai.

Mvuvi Mayungu
Mimi nataka kuleta mfano wa dikoni, pale tunaposhushia samaki, manake watu mmepanda juu sana mpaka kwa raisi. Kikundi chetu cha BMU, yaani wavuvi wanaosimamia diko lao, tunakata pesa kidogo kwa kila kilo. Mizani imening'inizwa kwenye boriti ya banda, samaki wanapimwa mbele ya mwenyewe, mweka hazina anaandika kwenye daftari, jina la mvuvi, tafi au changu au pweza, kilo, shilingi. Lile daftari limekunjamana kwa maji ya chumvi, kurasa zingine zimeshikana, lakini halitoki bandani. Mwisho wa mwezi linasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, jina kwa jina. Inachosha wallahi. Watu wanasinzia. Lakini kuna siku mweka hazina alisoma kilo tisa za pweza kwa jina la kijana mmoja, kijana akanyanyuka akasema siku hio nilileta kilo kumi na tisa na mizani tuliisoma wote. Palikuwa na kimya. Daftari likapita mkono kwa mkono, ile moja ya mbele ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, karatasi imekuwa nyembamba pale unaona mwanga ukiinyanyua juu. Mweka hazina hakupelekwa polisi. Alirudisha pesa kwa mafungu na kalamu akanyang'anywa, lakini bado anavua na sisi. Sasa mimi nasema uwajibikaji ni lile daftari kusomwa kwa sauti. Hayo mengine yamefuata.

Fundi Mashua
Umenigusa. Lakini kama kijana asingenyanyuka?

Mvuvi Mayungu
Basi zingekuwa kilo tisa mpaka leo.

Karani Mstaafu
Na kanuni za BMU zilitoka tangu mwaka 2007, hayo ya kuweka hesabu na mikutano ya wanachama si hisani ya mweka hazina. Wengi hawajui wanadhani wanafanyiwa wema.

Tuktuk Malindi
Nataka kusema jambo zito, mniwie radhi. Tumeongea jeti na pweza. Mimi nilikuwa Malindi Aprili 2023 zile gari zilipoanza kutoka Shakahola kuja mochari. Tulisimama kando ya barabara hatusemezani. Zaidi ya watu 400 walifukuliwa kwenye ule msitu, na wengi ni watoto. Yule mhubiri anayeshtakiwa kwa kuwafungisha wafuasi wake mpaka wakafa njaa alishawahi kukamatwa miaka ya nyuma, na hata mwezi wa Machi mwaka ule ule alikamatwa kwa vifo vya watoto akaachiliwa kwa dhamana. Watu walikuwa wameshasema. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti 2024 ikasema wazi vyombo vya usalama vya Malindi vilipewa habari na havikuchukua hatua. Sasa kesi ya mhubiri iko kortini na hio ni sawa, iendelee. Mimi nauliza yule aliyepokea habari pale dawati, akaandika au hakuandika, akafunga kitabu. Huyo anamjibu nani? Manake kwa kawaida yetu afisa akiharibu anahamishwa. Anapelekwa kaunti nyingine na mshahara wake. Kuhamishwa ndio nini?

Mama Sabaki
Mola awarehemu wote. Mimi ni muuguzi, siku zile siwezi kuzisahau.

Bi Shela
Amin. Na kuhamishwa ni kumpelekea mtu mwengine shida yako, hakuna kingine.

Mbongo wa Barani
Hapo sina neno. Poleni sana ndugu zangu.

Mwana wa Mkomani
Tuktuk ameandika kitu kimenikaa, "watu walikuwa wameshasema". Na sisi jeti tulishasema. Kwa hio labda swali si nani awajibike baadaye, ni nani alisikia mwanzo.

Kijana Kizingitini
Ndio maana mimi napenda korti. Angalia kesi ya makaa ya mawe, korti ikafuta ile stesheni ya umeme na wavuvi wakapewa bilioni moja nukta saba sita. Hio ndio dawa.

Karani Mstaafu
Kijana umechanganya kesi mbili. Za bilioni 1.76 ni kesi ya bandari ya Lamu, ya ule mradi mkubwa wa LAPSSET. Ilifunguliwa 2012 na watu wa Lamu, Mahakama Kuu ikaamua 2018 kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe, na kwamba haki ya watu kupewa habari na kushirikishwa ilivunjwa. Ya makaa ya mawe, ile ya megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, ni baraza la rufaa za mazingira lililofuta leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, Juni 2019, kwa sababu watu hawakushirikishwa vile inavyotakiwa. Zinafanana lakini si moja.

Kijana Kizingitini
Shukran Karani. Lakini hoja yangu iko pale pale, korti ndio iliwajibisha.

Fundi Mashua
Hapana. Sikiliza. Hizo bilioni ni za nani? Serikali ikilipa wavuvi inalipa na kodi yangu na yako, na ya huyo mvuvi mwenyewe akinunua unga na mafuta ya taa. Yule aliyetia sahihi bandari ianze kuchimbwa bila kuwaita watu wa Amu kukaa nao chini, amelipa nini? Bandari imefunguliwa Mei 2021 meli zikaja, mkondo umechimbwa, mvuvi wa mtumbwi analazimika kwenda mbali zaidi. Fidia ni haki yao na waipate yote, siipingi hata kidogo. Ila tusiseme aliyekosea kawajibishwa. Aliyewajibika hapo ni mlipa kodi.

Karani Mstaafu
Fundi hilo ni swali ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Ile 226 ingetosha kama ingetumika. Haitumiki kwa sababu wa kuitumia ni ofisi zile zile.

Bi Shela
Lakini fundi, ile hukumu haikutoa pesa tu. Ilisema watu wa Amu wana haki ya kuulizwa kabla. Tangu hapo mtu akija na mradi angalau anaita mkutano. Mikutano mingine ni ya soda na kusaini karatasi ya mahudhurio, najua, lakini anajua asipoita atapelekwa kortini. Hio siihesabu kuwa bure.

Dada wa Maweni
Salaam, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni. Nina kisa. Kulikuwa na pesa za basari za wodi, zile za kuwasaidia wanafunzi karo, majina yakatoka, watoto wa watu tunaowajua wana uwezo wamo na yatima wa jirani yangu hayumo. Nikaenda ofisini nikauliza orodha na kiasi. Afisa akaniangalia akanambia "we ni nani unauliza?" Nikatoka nimenyong'onyea. Mwalimu mmoja akanambia kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, nenda uandike barua. Nikaandika kwa Kiswahili.

Genzii wa Hindi
Wakakubali ya Kiswahili?

Dada wa Maweni
Walitaka kukataa, nikawaambia sheria imesema Kiingereza au Kiswahili. Wakagonga muhuri kwenye kopi yangu. Hio kopi ndio kila kitu, msiache kuidai, siku ya kufuatilia wakasema barua haionekani nikaitoa mkobani.

Karani Mstaafu
Dada umefanya vizuri sana. Naongeza kwa faida ya wengine. Katiba ibara ya 35 ndio mzizi, na sheria yenyewe inawapa siku 21 kujibu, na saa 48 kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu kama kazi ni kubwa. Kupeleka ombi hakuna malipo, utalipia kopi tu. Na lile swali la we ni nani, sheria imelijibu, ukishakuwa raia haki yako haitegemei sababu unayoitoa. Wakikataa unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Na asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, afisa ndiye anatakiwa kumwandikia.

Kijana Kizingitini
Sasa dada mwisho ulikuwaje? Usituache hewani.

Dada wa Maweni
Walijibu siku za mwishoni. Majina wakanipa, safu ya pesa wamepitisha wino mweusi. Wakasema ni siri ya wanafunzi. Nimekata rufaa nasubiri. Lakini mwaka uliofuata yatima wa jirani alikuwamo kwenye orodha, na sijui kama ni barua yangu au ni bahati tu.

Mvuvi Mayungu
Ni barua. Walijua kuna mtu anasoma.

Fundi Mashua
Au walitaka unyamaze.

Dada wa Maweni
Inawezekana pia. Sijanyamaza.

Maalim Langoni
Mashaallah. Huyu ndiye yule mtu aliyeinuka msikitini, na ni mwanamke wa Maweni.

Mama Sabaki
Mimi nataka kuwageuzia upande ambao hamjaugusa. Nyote mnaongea kama anayeulizwa ni mkubwa tu. Njooni kwenye kituo ninachofanyia kazi. Mama amebeba mtoto ana joto kali, ametembea kutoka mbali, anafika dawa hakuna. Anamuuliza nani? Ananiuliza mimi. Ananitukana mimi. Mimi siagizi dawa, sipangi bajeti, siendeshi gari. Kisanduku kikipungukiwa vidonge naandikiwa barua ya kujieleza hio hio wiki. Kabati lote likikaa tupu miezi hakuna anayeandikiwa barua. Kwa hio kwetu uwajibikaji ni kitu kinachoteremka chini tu, kinamkuta mdogo. Juzi nimeletewa fomu nitie sahihi kwamba tumepokea katoni ambazo sijaziona. Nikaambiwa ziko njiani, tia tu. Karani, mimi nifanye nini hapo?

Karani Mstaafu
Usitie sahihi mwanangu. Kabisa. Siku ya ukaguzi sahihi ndio inayoulizwa. Andika pembeni "sijapokea" na tarehe. Na katiba ibara ya 236 inasema mtumishi wa umma asionewe wala kubaguliwa kwa sababu amefanya kazi yake kwa kufuata katiba.

Mama Sabaki
Baba ibara nimeiona. Lakini nikihamishwa nikatengwa na wanangu wanaosoma, ibara itawapikia?

Tuktuk Malindi
Mnaona sasa. Wa juu akiharibu anahamishwa kwa kuokolewa, wa chini akisema kweli anahamishwa kwa kuadhibiwa. Neno moja.

Karani Mstaafu
Sina jibu la wanao. Nilipokuwa kazini tulikuwa tunawaambia vijana wasisimame peke yao.

Kijana Kizingitini
Dada Sabaki, dadangu ni muuguzi visiwani huku. Waliletewa fomu kama hio. Wakakaa wakaandika barua moja, wauguzi wote wakatia sahihi na mfagiaji wa kituo na mlinzi, wakapiga picha ya kabati likiwa wazi wakaambatanisha, kopi moja kwa chifu na moja kwa MCA. Mkubwa akaja amefura lakini hakujua amhamishe nani, angefunga kituo kizima.

Mama Sabaki
Na dawa zilikuja?

Kijana Kizingitini
Zilikuja za malaria na za kuharisha. Za sukari bado hazijafika, wameandika barua nyingine wiki jana. Ukitaka nikutumie ile ya kwanza uone walivyoipanga, niandikie inbox.

Mama Sabaki
Nakuandikia sasa hivi.